Istilahi za Kuonja: Uchungu, Ukali na Uchachu katika Bilauri Moja

Utangulizi

Maswali mengi yaletwayo na wafasiri mbele ya wakuza istilahi huhusu mashine, sheria, hesabu na tiba. Ni machache yahusuyo ulimi. Labda hudhaniwa kwamba kila mtu ana ulimi wake, na kwa hiyo ladha ni jambo lisilohitaji kusanifiwa. Kazi iliyotufikia hivi karibuni imetuonyesha kwamba dhana hiyo yaweza kuleta madhara.

Mfasiri mmoja alituletea orodha ya vinywaji aliyopewa aifasiri kwa ajili ya mafunzo ya wahudumu wa hoteli. Miongoni mwa vinywaji hivyo ilikuwamo bia yenye asili ya Uingereza ijulikanayo kwa herufi tatu, IPA. Bia hiyo ilielezwa kwa mambo matatu: kwamba uchungu wake ni vizio 60, kwamba alkoholi iliyomo ni asilimia 6.5, na kwamba ladha yake ina uchachu kidogo kama wa balungi. Katika rasimu ya tafsiri mambo hayo yaliandikwa hivi: "ukali 60, ukali 6.5, kali kama ndimu."

Mfasiri huyo hakuvunja kanuni yoyote ya sarufi. Kila kifungu, kikisomwa peke yake, ni Kiswahili kisemwacho kila siku. Lakini vikiwekwa pamoja msomaji hawezi kujua ni ukali upi usemwao. Mgeni atakayeendesha gari baada ya chakula akimwuliza mhudumu kama bia hiyo ni kali, mhudumu atamjibu nini? Chupa ya mililita 330 yenye alkoholi asilimia 6.5 ina takriban mililita 21 za alkoholi halisi. Chupa ya kadiri hiyo hiyo yenye asilimia 4.5, ambayo ni kawaida ya bia nyingi, ina takriban mililita 15. Anywaye chupa moja ya kwanza amekunywa karibu chupa moja na nusu ya pili. Hilo ndilo jambo ambalo neno "kali", likitumiwa mahali patatu, lilikuwa limelificha.

Makala haya yakusudia kueleza jinsi tulivyolichunguza swali hilo, na kupendekeza istilahi chache. Twajua kwamba wasomaji wetu wengi hawanywi pombe, wala hatuwaalikeni kunywa. Maneno tutakayoyajadili yanawahusu vilevile waonjaji wa kahawa na chai, watengenezaji wa dawa, na walimu wa sayansi na wa upishi.

Bia yenyewe

Mfasiri hana budi kukijua kitu kabla ya kukipa jina. Bia hutengenezwa kwa vitu vinne: maji, kimea, hamira, na maua ya mmea utambaao uitwao kitaalamu Humulus lupulus. Maua hayo hutiwa ili kuipa bia uchungu na harufu, na pia huizuia isiharibike upesi. IPA ni bia ambayo maua hayo hutiwa kwa wingi kuliko kawaida. Uchungu wake aghalabu huwa kati ya vizio 40 na 70, na alkoholi yake kati ya asilimia 5.5 na 7.5.

Herufi zake tatu zasimama mahali pa maneno matatu ya Kiingereza: la kwanza ni jina la India, la pili lasema kwamba rangi yake si nzito, na la tatu ni jina la jamii ya bia. Hapa pana mtego wa kwanza. Bia hii haikutengenezwa India, bali ilisafirishwa kupelekwa huko. Mwishoni mwa karne ya 18 kiwanda cha Hodgson, kilichokuwa Bow, mashariki ya London, kiliwauzia bia manahodha wa meli za Kampuni ya Uingereza ya India ya Mashariki. Katika miaka ya 1820 watengenezaji wa mji wa Burton upon Trent, kama vile Allsopp na Bass, waliingia katika biashara hiyo. Maji ya mji huo yana chumvi za jasi, nayo yaliifaa sana bia chungu ya rangi isiyo nzito. Husimuliwa mara nyingi kwamba bia hii ilibuniwa kwa sababu hakuna bia nyingine iliyoweza kustahimili safari ya kuzunguka Rasi ya Tumaini Jema. Masimulizi hayo yamepita kiasi, kwani bia nyeusi za London nazo zilifika India salama na kunywewa. Lililo kweli ni kwamba bia zilizokusudiwa nchi za joto zilitiwa maua mengi zaidi.

Kwa hiyo anayeandika "bia ya Kihindi" anapotosha. Kiswahili chenyewe kina mfano wa jina la namna hii: pilipili manga asili yake ni India, lakini jina lake lataja Manga, yaani Uarabuni, ilikopitia mikononi mwa wafanyabiashara. Jina la mahali ndani ya jina la kitu huonyesha njia mara nyingi kama lionyeshavyo asili.

Bia hii ilififia katika karne ya 20, ikafufuliwa Marekani. Mwaka 1972 wakulima wa huko walipewa aina mpya ya maua hayo iitwayo Cascade, yenye harufu ya balungi, na mwaka 1975 kiwanda cha Anchor cha San Francisco kilitoa bia ya kwanza mashuhuri iliyotegemea harufu hiyo. Viwanda vidogo vikaongezeka, kila kimoja kikijivunia ufundi wake. Bia za viwanda hivyo ndizo zinazoletwa sasa kwa wafasiri, zikiwa na maelezo marefu ya ladha.

Jinsi tulivyoonja

Tulipata chupa moja ya bia hiyo, tukaona kwamba haifai kuijadili kwenye karatasi tu. Jioni moja, hapa Dar es Salaam, tuliketi nyumbani na mwenzi wetu, tukaigawa chupa katika bilauri mbili. Tuliitoa katika jokofu na kuiacha kwa muda wa dakika kumi, kwa maana baridi kali hufunika harufu. Kila mmoja alichukua karatasi yake, akainusa bilauri, akaonja, akaandika bila kuangalia karatasi ya mwingine. Mwenzi wetu amelelewa Marangu, naye katika utoto wake alimwona bibi yake akipika mbege. Sisi tumekulia Tanga.

Tulipobadilishana karatasi, yetu ilikuwa imeandikwa: kali, dawa, ukakasi, ubani. Yake ilikuwa imeandikwa: chungu, msesewe, ganda la chungwa, kuni mbichi. Yafaa tukiri kwamba sisi, ambao kazi yetu ni istilahi, ndio tulioandika "kali" mwanzoni mwa orodha. Alipolisoma neno hilo alitikisa kichwa, akatuambia: "Hii si kali, Baba Neema. Ni chungu. Ukali wake utausikia ukisimama."

Maneno hayo yalikuwa yamelitatua nusu ya swali letu. Kwake yeye uchungu ni jambo la ulimi, na ukali ni jambo la kichwa na miguu.

Kesho yake tulifanya jaribio jingine ambalo mwalimu yeyote aweza kulifanya darasani bila pombe. Tuliweka mezani vikombe vinne: kahawa isiyo na sukari, maji ya ndimu, chai iliyoachwa na majani yake kwa nusu saa, na maji yaliyolowekwa pilipili. Tukaulizana ni kipi kati ya hivyo kiwezacho kuitwa kikali. Jibu ni kwamba vyote vinne huitwa hivyo katika mazungumzo ya kawaida. Kahawa ni kali, ndimu ni kali, chai ni kali, pilipili ni kali. Hata hivyo hakuna mtu mwenye ulimi mzima atakayevichanganya vikombe hivyo akiwa amefumba macho. Ulimi unazijua tofauti hizo, na lugha nayo inazo, ila mazoea ya kusema yanazifunika.

Neno "kali" na ndugu zake

Tukiyachambua maneno tuliyo nayo twapata kwamba Kiswahili hakina upungufu. Kahawa ina uchungu. Ndimu ina uchachu. Chai iliyokaa ina ukakasi, yaani ile hali ya ulimi na ufizi kukauka na kukwaruza, kama mtu aliyekula bibo au ndizi mbichi. Pilipili ina mwasho. Mambo manne, majina manne, na kila jina lafahamika na mtu wa sokoni.

Ukakasi hasa wastahili kuangaliwa. Wataalamu wa ladha hawauhesabu kuwa ladha, kwa sababu ni mguso: chai na ndizi mbichi hutenda juu ya mate na ngozi ya kinywa. Mzungumzaji wa Kiswahili ambaye hajasoma kitabu chochote cha sayansi husema "inatia ukakasi", wala hasemi "ina ladha ya ukakasi". Hapo lugha ya kila siku inapatana na maabara.

Basi neno "ukali" libaki wapi? Twapendekeza kwamba katika maandishi rasmi kuhusu vinywaji litumiwe kwa nguvu ya alkoholi tu, kama watu wasemavyo "pombe kali". Hata hivyo penye tarakimu ni salama zaidi kuandika "alkoholi" na kuliacha neno "ukali" kabisa. Tarakimu isiyo na jina la kitu kilichopimwa ni hatari, hasa zinapokuwapo mbili katika mstari mmoja. Vizio vya uchungu, kwa mfano, huhesabu takriban miligramu za asidi chungu za maua katika lita moja ya bia. Havihusiani na asilimia ya alkoholi kwa njia yoyote.

Je, "chungu" ni sifa mbaya?

Tulipomshauri mfasiri atumie "chungu", alitujibu kwamba aliliepuka neno hilo makusudi. Chungu, alisema, ni shubiri na kwinini. Mhudumu akimwambia mgeni kwamba bia ni chungu, mgeni atadhani imeharibika.

Hoja hii ni nzito, na hatukuipuuza. Ni kweli kwamba mwanadamu huutilia shaka uchungu tangu utoto, kwa kuwa sumu nyingi za mimea ni chungu. Ulimi una aina takriban 25 za vipokezi vya uchungu, na watu hurithi vipokezi vyenye wepesi tofauti. Yamkini hiyo ni sababu mojawapo ya karatasi zetu mbili kutofautiana. Na hapa yafaa tuwakumbushe walimu kwamba ule mchoro wa ulimi uonyeshao uchungu nyuma na utamu kwenye ncha si sahihi. Ulitokana na kutoeleweka vizuri kwa utafiti wa Mjerumani Hänig wa mwaka 1901. Sehemu zote za ulimi zenye vipokezi huweza kuonja ladha zote.

Lakini Kiswahili hakijaufanya uchungu kuwa kasoro siku zote. Watu hununua nyanya chungu kwa jina hilo hilo, na hulalamika zikikosa uchungu. Katika miji ya pwani muuza kahawa hupita jioni na birika lake akiuza kahawa chungu, na hakuna anayedhani kwamba anatangaza kahawa mbovu. Wateja hunywa kwa kashata au kipande cha halua, ili utamu ukutane na uchungu mdomoni. Hicho ndicho akitafutacho mtengenezaji wa bia hii pia: utamu wa kimea uuchukue uchungu wa maua. Na huko Kilimanjaro mbege hutiwa gamba la mti wa msesewe kwa kusudi hilo hilo. Kinywaji cha ndizi mbivu na ulezi kingekuwa kitamu mno bila uchungu huo. Aliyeandika "msesewe" kwenye karatasi yake alikuwa ametaja jambo lenyewe hasa.

Kwa hiyo twamwambia mfasiri asiogope. "Chungu" ni neno la haki, na hofu itaondoka likitumiwa pamoja na jambo jingine la sifa: "chungu, yenye kunukia balungi."

Kunuka na kunukia

Sehemu kubwa ya kile tukiitacho ladha huingia kwa pua, kupitia nyuma ya kinywa. Katika uwanja huu Kiswahili kina utajiri wa sarufi: "kunuka" ni kutoa harufu mbaya, na "kunukia" ni kutoa harufu njema. Kiambishi kimoja hutoa hukumu ambayo lugha nyingine huitolea sentensi nzima. Neno "harufu" halina upande. Kwa hiyo maelezo ya kinywaji yaseme "inanukia chungwa", na onyo la kasoro liseme "inanuka".

Kasoro mojawapo ya bia hii yahitaji jina. Mwanga wa jua ukiipiga, asidi za maua hubadilika, na bia hunuka kama mnyama wa Amerika ajilindaye kwa uvundo. Chupa za rangi ya kahawia huizuia hali hiyo kuliko za kijani au nyeupe. Mnyama huyo hayuko kwetu, lakini kicheche yuko, na ana silaha ile ile. "Harufu ya kicheche" itaeleweka bila maelezo.

Ugumu ulikuwa katika harufu tuliyoiandika sisi "ubani" na mwenzi wetu "kuni mbichi". Maandishi ya watengenezaji huitaja kwa jina la msonobari, mti ambao wasomaji wengi wa pwani hawajaunusa. Tulibishana kwa muda, kisha tukagundua kwamba wote tulikuwa tukinusa utomvu: ubani ni utomvu uliokauka, na kuni mbichi hutoa utomvu. Basi "harufu ya utomvu" yatosha. Tulijifunza hapa kwamba jina la harufu lifaalo ni lile linalokubaliwa na watu wawili waliokulia mahali mbalimbali. Wataalamu wa bia wa Ulaya na Marekani walifuata njia kama hii katika miaka ya 1970, na mwaka 1979 Meilgaard na wenzake walitangaza mfumo wenye istilahi zaidi ya 100, uliopangwa katika duara, ili neno moja lisiwe na maana mbili katika viwanda viwili.

Majina ya vitu

Utaratibu wetu wa kutafuta istilahi wajulikana: kwanza Kiswahili na lahaja zake, kisha lugha nyingine za Kibantu, kisha lugha nyingine za Kiafrika, na mwisho lugha za kigeni. Kwa nafaka iliyooteshwa na kukaushwa hatukulazimika kuondoka nyumbani. Neno ni "kimea", nalo latumika kila palipo na mtama au ulezi wa pombe. Kwa kiini kinachoichachua pombe twapendekeza "hamira" badala ya "chachu", ili "uchachu" ubaki jina la ladha peke yake.

Kwa yale maua tulijaribu "msesewe", tukaliacha. Msesewe ni mti wenye gamba lake na jina lake, na kuliazima jina hilo kwa mmea mwingine kungeviharibu vyote viwili. Neno "hopi" limekwisha kuingia katika maandishi, na laingia kwa urahisi katika mfano wa mkarafuu na karafuu: mhopi ni mmea, hopi ni ua lake. Hopi zichemshwazo muda mrefu hutoa uchungu. Zitiwazo mwishoni hutoa harufu. Zile zitiwazo baada ya kuchachuka, bila moto, Waingereza huzitaja kwa neno lenye maana ya ukavu. Mfasiri asilifuate, kwani hopi karibu zote ni kavu. Linalofanyika ni kuziroweka.

Orodha ya istilahi zinazopendekezwa

Hamira: kiini kinachogeuza sukari kuwa alkoholi.
Harufu ya kicheche: uvundo wa bia iliyopigwa na mwanga.
Hopi: ua la mhopi litiwalo katika bia.
Kimea: nafaka iliyooteshwa na kukaushwa.
Kizio cha uchungu: kipimo cha asidi chungu za hopi katika bia.
Kuroweka hopi: kutia hopi bila moto baada ya kuchachuka.
Ladha baki: ladha inayosalia kinywani baada ya kumeza.
Mashapo: masalio yatuamayo chini ya chupa.
Mhopi: mmea utambaao uzaao hopi.
Mwasho: hisia kama ya pilipili.
Uchachu: ladha kama ya ndimu.
Uchungu: ladha kama ya kahawa isiyo na sukari.
Ukakasi: mguso wa kukausha kinywa, kama wa ndizi mbichi.
Ukali: nguvu ya alkoholi.
Uzito: hali ya kinywaji kujaa kinywani, kama uji.

Hitimisho

Rasimu iliyoletwa kwetu sasa yasomeka hivi: "Uchungu: vizio 60. Alkoholi: asilimia 6.5. Ladha: uchachu kidogo, kama wa balungi." Ni maneno machache kuliko haya tuliyoyaandika kuyatetea, lakini mhudumu aliyefunzwa kwayo ataweza kumjibu mgeni wake kwa ukweli.

Limebaki swali moja ambalo hatujaliridhia, nalo ni jina la bia za viwanda vidogo. "Bia ya kienyeji" lina maana yake tayari, na "bia ya ufundi" lasikika kama somo la shule. Kwa sasa twaandika "bia ya kiwanda kidogo". Wasomaji wenye neno bora, na wale wenye majina ya ladha na harufu yatumikayo kwao ambayo hayamo katika orodha hii, wanaombwa kutuandikia, wakitaja neno, mahali lisemwapo, na kitu kinachoonjwa.